BARAZA YETU: KILA KITU MAHALI PAKE



Wasomaji wetu watukufu, tunamshukuru Mwenyezi Mungu Subhanahu Wataala aliyetufikisha mwezi mwingine tukiwa hai. Tunamwomba awarehemu waliotutangulia na awaponye walio wagonjwa majumbani na hospitalini. Ama baad.

Katika baraza hii tumezoea kuzungumza juu ya malezi ya watoto, lugha yetu na mambo ya ujamaa. Mwezi huu tumeazimia kuzungumza juu ya kompyuta, na tunawaomba wale wasioipenda wasiikunje karatasi mapema, kwani jambo lenyewe si la mashine peke yake. Ni jambo la heshima ya wazee wetu, na katika heshima hiyo sisi tuliteleza bila ya kukusudia.

Mtunza hazina wa mfuko wetu wa mazishi ni mzee aliyepindukia miaka sabini. Tunayasimulia haya kwa ruhusa yake, bila ya kulitaja jina lake. Kwa miaka mingi ameweka katika kompyuta yake orodha ya familia zinazochangia, majina ya jamaa wa kuarifiwa kila nyumba inapofikwa na msiba, na wasia wa wale walioeleza wapi wangependa kuzikwa. Hakufundishwa kompyuta shuleni. Alijifunza mwenyewe ukubwani, baada ya kurudi kazini, na hatua zake aliziandika kwa mkono katika daftari: bofya pembeni, chini, kushoto, panda juu, fungua jalada la manjano la tatu. Kwa hatua hizo alituhudumia sote, na hapana hata senti moja iliyopotea mikononi mwake.

Mwaka 2025, ilipojulikana kwamba Windows 10 ingeacha kupata masahihisho ya kawaida ya usalama ifikapo tarehe 14 Oktoba, tulichanga tukamnunulia kompyuta mpya yenye Windows 11. Kijana wetu mmoja, hodari na mwenye nia njema, alimhamishia faili zote kwa muda usiofika saa moja. Akamwonyesha upesi upesi, akasema, "Babu, kila kitu kimo humu humu, wala hakuna tabu." Mzee akajibu, "Ahsante mjukuu wangu, Mungu akubariki." Nasi tukaondoka, tumeridhika na nafsi zetu.

Tusilolijua ni kwamba tangu siku ile hakuigusa tena. Michango aliiandika katika daftari, na daftari akaliweka chini ya mto. Kila tulipomwuliza habari za kompyuta mpya alisema, "Njema, alhamdulillahi." Haya ilimzuia kusema kwamba tumempa zawadi asiyoweza kuitumia.

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, tukapata habari ya msiba. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa akiishi peke yake, na jamaa zake wote wako mbali. Wasia wake na nambari za simu za jamaa zake zilikuwa katika kompyuta ya mzee. Tulimpigia simu, naye akaketi mbele ya kile kioo mpaka saa saba za usiku, asizione. Hazikuwa zimepotea. Zilikuwamo mumo humo, mahali asipopajua. Alfajiri mjukuu wake wa kike alikuja, akazipata kwa dakika mbili. Maziko, tunashukuru, hayakucheleweshwa. Lakini dada yake marehemu, aliyeko Mombasa, alikwisha kuisikia habari ya kifo cha nduguye kwa mtu wa kando kabla sisi hatujamwarifu. Alilisema hilo kwa upole, na upole ule ulituuma zaidi kuliko lau angalitugombeza.

Baada ya maziko mzee alituletea daftari na muhuri. Akasema, "Nimekuwa mzigo. Amana hii mpeni mwenye macho na akili." Mmoja wetu akamwuliza, "Ami, ni lipi khasa lililokushinda?" Akafikiri kidogo, kisha akajibu, "Halikunishinda jambo. Vitu vyangu vimehamishwa."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike baraza hii. Sisi tulidhani mzee wetu amesahau. Kumbe hakusahau kitu. Alikumbuka barabara, ila aliyoyakumbuka hayakuwapo tena mahali pake. Fikirini mama aliyepika katika jiko moja kwa miaka ishirini. Hata taa zikizimika, mkono wake unajua chumvi iko wapi na bizari iko wapi. Lau mtu angeingia usiku akavihamisha vikopo vyote, akavipanga vizuri zaidi kuliko mwanzo, mama yule asubuhi angeonekana kama mtu asiyejua kupika. Je, ni upishi uliomtoka?

Wala mzee wetu si wa kwanza kupatwa na haya. Sura hii ya kompyuta tuliyoizoea ina historia yake, na ni vyema tuijue. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ya Marekani ilitoa mashine iliyoitwa Star, ambayo kioo chake kilifananishwa na meza ya ofisi: karatasi, majalada, na vikapu vya barua zinazoingia na zinazotoka, vyote kwa picha ndogo ndogo. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ikatoa Macintosh, na mfano huo wa meza ukaenea kwa watu wengi. Kisha tarehe 24 Agosti 1995 kampuni ya Microsoft ikatoa Windows 95, ambayo ilileta kitufe cha kuanzia pembeni chini kushoto, orodha inayopanda juu kutoka pale, na utepe wa chini unaoonyesha kazi zilizofunguliwa. Wengi wa wazee wetu waliojifunza kompyuta ughaibuni walijifunzia katika sura hiyo, au katika zile zilizoifuata kwa karibu.

Sura hiyo ilidumu, kwa mabadiliko madogo madogo, mpaka tarehe 26 Oktoba 2012. Siku hiyo ilitoka Windows 8, na kile kitufe cha pembeni kikaondolewa. Mahali pa orodha pakawekwa ukurasa mzima wa miraba ya rangi, uliokusudiwa zaidi vioo vya kuguswa kwa kidole. Malalamiko yakawa mengi duniani, ya makarani, walimu na wafanyabiashara, wakubwa kwa wadogo. Tarehe 17 Oktoba 2013 ikatoka Windows 8.1, na kitufe kikarudishwa, walakini bila ya orodha yake ya zamani. Orodha yenyewe ilirudi kwa Windows 10, tarehe 29 Julai 2015. Kisha tarehe 5 Oktoba 2021 ikaja Windows 11, na kitufe kikahamishwa kutoka pembeni kikawekwa karibu na katikati ya utepe.

Hata wale wanaotumia Linux, ambayo hupatikana bure na hutengenezwa na watu wa nchi nyingi kwa kushirikiana, walionja yale yale. Mwezi wa Aprili 2011 ilitoka GNOME 3, iliyoibadili sura ya meza kwa kiasi kikubwa. Miongoni mwa waliolalamika hadharani mwaka huo alikuwamo Linus Torvalds mwenyewe, mtu aliyeianzisha Linux, akahamia kwa muda kwenye sura nyingine nyepesi iitwayo Xfce. Basi ikiwa mjuzi kama huyo amekasirika kwa kuhamishiwa vitu vyake, itakuwaje tumwone mzee wetu kuwa ni mzito wa kufahamu? Baadhi ya mafundi hawakuishia kulalamika. Waliichukua sura ya zamani wakaendelea kuitunza kwa jina la MATE, ambalo ni jina la kinywaji cha Amerika ya Kusini. Wengine, wa Linux Mint, walijenga sura mpya yenye mpango wa kizamani wakaiita Cinnamon, yaani mdalasini, jina ambalo kwetu watu wa pwani halihitaji maelezo.

Sasa tueleze tulivyofanya kwa mzee wetu, ili na nyinyi mpate kuwafanyia wenu. Safari hii hatukwenda na haraka. Mjukuu wake alikaa upande wa kulia, mmoja wetu akakaa nyuma, na mzee akashika kipanya mwenyewe. Kabla ya kugusa lolote tulinakili faili zote katika flashi, kwani mtu hahami nyumba kabla ya kufunga mizigo. Kisha tukamwambia, "Tuonyeshe kila kitu kilikuwa wapi." Akafumba macho, akanyosha kidole hewani: "Cha kuanzia hapa. Majalada yangu hapa. Kikapu cha taka pale juu. Mashine ya kuandikia huku chini." Yote tukayaandika katika karatasi, na karatasi ile ndiyo iliyokuwa ramani yetu.

Kwanza, kitufe cha kuanzia. Katika Windows 11 weka mshale mahali patupu pa utepe wa chini, ubofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na uchague "Taskbar settings". Shuka mpaka sehemu ya mwenendo wa utepe, utafute maneno "Taskbar alignment", na uchague "Left". Kitufe hurudi kushoto hapo hapo. Mzee wetu alipokiona alisema, "Aa!" kama mtu aliyekutana na jamaa yake kituoni.

Pili, katika ukurasa huo huo mnaweza kuficha alama zisizohitajika, kama zile za kutafutia na za habari za hali ya hewa. Alama kumi zinazong'aa humchosha mtu anayetaka nne tu.

Tatu, majina ya kazi zilizofunguliwa. Windows 11 ilipotoka ilionyesha alama tupu bila ya maandishi, na wengi waliokuwa wakisoma majina walipotea. Uwezo wa kurudisha majina uliletwa mwishoni mwa mwaka 2023. Tafuteni katika ukurasa ule ule maneno yanayohusu kuunganisha vitufe na kuficha majina, na mchague "Never". Tangu hapo kila faili huonekana kwa jina lake katika utepe, madhali nafasi inatosha.

Nne, alama za mezani. Bofya kulia mahali patupu pa meza yenyewe, uchague "Personalise", kisha "Themes", kisha "Desktop icon settings". Hapo tia alama kwenye kompyuta, jalada la mwenye mashine na kikapu cha taka, navyo vitatokea mezani kama zamani. Majalada yanayotumika kila siku yawekewe njia za mkato hapo mezani. Alama hizo zisipokaa mtakapo, bofyeni kulia mahali patupu, na katika sehemu ya "View" muondoe mpango wa kujipanga zenyewe. Mzee wetu alizivuta kwa mkono wake, moja moja, mpaka kila moja ikakaa pale alipopaonyesha kwa kidole.

Tano, ile orodha inayotokea kwa kubofya kulia imefupishwa, na baadhi ya amri za zamani hazionekani. Hazikuondolewa, ziko nyuma ya maneno "Show more options". Mtu pia anaweza kushikilia kitufe cha Shift huku akibofya kulia, na orodha ndefu ya zamani itatokea.

Sita, ukubwa wa maandishi, ambao mara nyingi ndio ugonjwa wenyewe. Nenda "Settings", kisha "Accessibility", kisha "Text size", na uvute mpaka mzee aseme basi. Aseme yeye, si wewe.

Kazi yote haikufika saa mbili, na muda mwingi ulikwenda katika kunywa chai na kumsikiliza. Mwisho mzee alifungua orodha ya familia peke yake mara tatu, akaifunga mara tatu. Kisha akalichukua lile daftari lake la hatua, akalilinganisha na kioo, akakuta mistari miwili tu ya kusahihisha.

Lakini kuna mambo ya kutahadhari nayo, na hapa tunaomba vijana na wazee wasikilize pamoja. Katika baraza nyingi tunasikia mtu akisema, "Mimi sitaki mapya, nitabaki na mashine yangu ya zamani mpaka ife." Huko ni kuchanganya sura na msingi. Sura ni mahali pa kitufe na rangi ya jalada, na hiyo mtu anaweza kuirudisha bila ya madhara. Msingi ni ile kazi ya ndani inayozuia wezi na virusi, na msingi usiopata masahihisho hulika kidogo kidogo kama mti wenye mchwa. Ni kweli kwamba Microsoft ilitoa nyongeza ya masahihisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa watu wa majumbani watakaojiandikisha, lakini nyongeza ni muhula wa kujitayarisha tu. Kompyuta inayoweka majina, anwani na wasia za watu haifai kuachwa mlango wazi kwa sababu mwenyewe anaipenda rangi yake.

Kwa wenye kompyuta kongwe zisizokubali Windows 11, kwa mfano kwa kukosa kile chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, iko njia ya Linux Mint tuliyoitaja, ambayo ni bure, hupata masahihisho, na sura yake inakaribia sana ile ya zamani: kitufe pembeni chini kushoto, orodha inayopanda juu, utepe wa chini. Lakini programu za Windows aghlabu hazifanyi kazi humo kama zilivyo, kwa hiyo jaribuni kwanza. Mashine nyingi zinaweza kuiendesha kutoka kwenye flashi bila ya kufuta kilichomo ndani.

Ziko pia programu za kuongezea zinazorudisha orodha ya zamani, kama vile Open-Shell, ambayo ni bure, na Start11, ambayo huuzwa. Hatuzikatazi, ila tunasema jaribuni kwanza mipangilio ya mashine yenyewe, kwani mabadiliko makubwa ya Windows huweza kuzivuruga programu hizo. Na mkizitaka, zichukueni kwa wenyewe waliozitengeneza, si popote zinapoonekana. Mwezi wa Agosti 2016 wadukuzi waliuingilia mtandao mmoja mashuhuri wa kupakulia programu, wakaibadilisha Classic Shell, iliyokuwa ikipendwa na watu waliotaka orodha ya zamani, wakaweka mahali pake programu ya uharibifu iliyozizuia kompyuta kuwaka. Kosa halikuwa la watengenezaji wa Classic Shell. Lakini yule aliyeharibikiwa na mashine alikuwa akitafuta kitufe chake tu.

Ndugu zetu, tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu linatugusa kuliko tunavyodhani. Wazazi wetu waliokuja nchi hizi walihamishwa mengi: mtaa, hali ya hewa, lugha ya dukani, hata saa za sala zinazokimbia wakati wa baridi na kurefuka wakati wa joto. Waliyavumilia yote, wakajifunza kila kimoja upya, wakatulea. Kompyuta ni miongoni mwa vitu walivyovishinda kwa jasho lao. Tunapowabadilishia bila ya kuwauliza, kisha tukasema "wala hakuna tabu", tunakuwa tumewanyang'anya ushindi huo, na tumewafunga midomo juu yake, kwani nani atakubali kusema kwamba jambo lisilo na tabu limemtabisha?

Na nyinyi wazee wetu, tunawaomba radhi, na tunawaomba kwa adabu: semeni. Haya ni katika imani, lakini haya inayoficha amana chini ya mto huwadhuru watu. Mkiona vitu vyenu vimehamishwa, tuambieni siku hiyo hiyo, nasi tutakuja. Tutakuwapo kila Jumamosi baada ya madrasa, katika chumba cha nyuma. Njooni na mashine zenu na daftari zenu, na kijana atakayewahudumia ameagizwa aanze kwa kuuliza, si kwa kubofya.

Mtunza hazina wetu tumemrudishia muhuri wake, naye amekubali kuendelea, kwa sharti kwamba mjukuu wake ajifunze kazi hiyo pamoja naye, ili siku Mungu atakapompenda amana isitafutwe tena usiku. Sharti hilo tumelipokea kwa furaha. Juzi tulimpitia, tukamkuta anaingiza michango ya mwezi. Hakuinua kichwa. Mkono wake ulikwenda pembeni, chini, kushoto, na macho yake yalikuwa kwenye daftari.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.